Jinsi ya kuhakiki cheti cha bodi cha daktari bingwa nchini Marekani

Swali hili halikomi. Mtu amepangiwa upasuaji, au mtoto wake amepewa rufaa kwa bingwa wa moyo, na tovuti ya kliniki imeandika kwa herufi nene kwamba daktari ni "board certified", yaani ana cheti cha bodi. Hapo maswali yanaanza: ni kweli? Nitajuaje? Na nikikuta si kweli, ina maana daktari huyu ni feki? Majibu unaweza kuyapata mwenyewe kwa simu yako ya mkononi, bure, bila kumpigia magoti mtu yeyote.

Jambo moja lazima likae sawa kwanza, la sivyo hatua zote zitakuchanganya. Leseni na cheti cha bodi ni vitu viwili tofauti. Leseni hutolewa na jimbo, na bila hiyo daktari haruhusiwi kutibu mtu. Lakini leseni ya Marekani haionyeshi fani ya ubingwa. Inamruhusu mwenye nayo kutibu na kupasua, basi. Majimbo huitoa baada ya mwaka 1 hadi 3 ya mafunzo kazini kufuatia shule ya udaktari, wakati mafunzo kamili ya bingwa wa magonjwa ya ndani ni miaka 3, ya upasuaji wa jumla miaka 5, na ya upasuaji wa ubongo miaka 7. Kinachokuonyesha kwamba mtu alimaliza mafunzo ya fani fulani na akafaulu mitihani yake ni cheti cha bodi, yaani chombo kinachotahini madaktari wa fani hiyo. Nacho kisheria ni cha hiari. Wapo madaktari halali kabisa wasio nacho, kwa hiyo neno "feki" liweke kando kwa sasa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jina kamili la daktari. Lile la kwanza alilotumia kukusalimia halitoshi. Angalia barua ya rufaa, karatasi ya miadi au bili.
- Herufi zinazofuata jina lake. Zinazotuhusu hapa ni MD (Doctor of Medicine) na DO (Doctor of Osteopathic Medicine). Wote wawili ni madaktari kamili, ila njia za kuwahakiki zinatofautiana kidogo.
- Jimbo anakofanyia kazi, na mji ukiujua.
- Sababu inayokupeleka kwake: ugonjwa gani, au upasuaji gani hasa.

Huhitaji namba ya Social Security, kadi ya bima wala kadi ya benki. Ukurasa ukikudai malipo ili "kufungua ripoti ya daktari", toka hapo, umeingia kwa wauza taarifa. Huduma halali za kulipia zipo, lakini wateja wake ni hospitali na kampuni za bima.

Na kama ni dharura, mtu anavuja damu au kifua kimembana, piga 911. Kuhakiki vyeti ni kazi ya siku zenye nafasi.

Hatua

1. Pata jina lake kama serikali inavyolijua.

Fungua npiregistry.cms.hhs.gov. Hiyo ni orodha ya serikali kuu ya namba za NPI, namba ya tarakimu 10 ambayo daktari anaitumia anapodai malipo kwa bima. Andika jina na jimbo. Utaona jina lake kamili, herufi zake, anwani ya kazi, na mara nyingi namba ya leseni. Wakati mwingine utaona pia majina mengine aliyowahi kutumia, jambo linalosaidia sana kwa waliobadili jina baada ya ndoa.

Onyo: humo utakuta pia fani, kwa mfano "Dermatology". Usichukue hiyo kama uthibitisho. Fani iliyo kwenye NPI huichagua daktari mwenyewe anapojaza fomu. Tumia orodha hii kupata tahajia sahihi na anwani, kisha songa mbele.

2. Hakiki leseni kwenye jimbo.

Kila jimbo lina chombo chake cha leseni, na mara nyingi nacho huitwa bodi; usikichanganye na bodi za ubingwa. Texas ina Texas Medical Board inayoshughulikia MD na DO kwa pamoja. California imewatenganisha: MD wako Medical Board of California, DO wako Osteopathic Medical Board of California. New York imeweka leseni chini ya idara ya elimu ya jimbo, huku nidhamu ya madaktari ikiwa chini ya idara ya afya, na wengi hukwama hapo kwa sababu wanatafuta "medical board" isiyokuwepo kwa jina hilo. Hujui chombo cha jimbo lako? Anza na docinfo.org, tovuti ya shirikisho la bodi za majimbo. Itakuonyesha majimbo ambayo daktari ana leseni na kama kuna bodi iliyowahi kumchukulia hatua.

Unachotafuta ni hali ya leseni (iwe hai) na adhabu. Ukikuta adhabu, fungua nyaraka zenyewe uzisome. Faini ya kuchelewa kuhuisha leseni si sawa na kufungiwa kwa kuumiza wagonjwa, ingawa zote mbili huonekana kama alama moja kwenye skrini.

Kama daktari anakuona kwa video, jimbo la kuangalia kwanza ni lile ulipo wewe wakati wa miadi. Kwa kawaida hapo ndipo anapotakiwa kuwa na leseni.

3. Tafuta cheti kwenye Certification Matters.

Fungua certificationmatters.org. Inaendeshwa na American Board of Medical Specialties, ambayo kila mtu huiita ABMS. Shirika hili lilianzishwa 1933 na leo lina bodi 24, kuanzia ya mzio hadi ya mfumo wa mkojo. Andika jina la ukoo na jimbo, uache nafasi nyingine tupu. Watu wanajaza kila kisanduku, mji na fani na jina la kati, halafu wanashangaa kuambiwa hakuna matokeo. Anza na kidogo, ongeza pale tu majina yanapokuwa mengi.

Ukimpata, linganisha mji na fani kuhakikisha ni yeye. Kisha piga picha ya skrini.

4. Kama ni DO, angalia sehemu mbili.

DO anaweza kuwa na cheti cha ABMS, au cha American Osteopathic Association, yaani AOA, au vyote viwili. Mafunzo ya ubingwa ya MD na DO yaliunganishwa chini ya mfumo mmoja wa usimamizi, kazi iliyokamilika 2020, kwa hiyo DO wengi vijana utawakuta ABMS. Usipomwona huko, nenda certification.osteopathic.org. Kumkosa DO kwenye Certification Matters na kuishia hapo ni kumhukumu mtu bila kumsikiliza.

5. Soma mambo matatu: bodi ipi, fani ipi, na kama cheti ni hai.

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo matangazo yanapowapiga watu chenga.

*Bodi ipi.* Jina linaloanza na "American Board of" halikuhakikishii kitu. Hakuna anayemiliki maneno hayo. Mfano unaowachanganya wengi ni upasuaji wa urembo. American Board of Plastic Surgery ni mwanachama wa ABMS. American Board of Cosmetic Surgery si mwanachama. Majina yanakaribiana, njia ya kuvipata vyeti hivyo si moja. Daktari mwenye cheti cha pili hadanganyi akisema ana cheti cha bodi, na anaweza kuwa na cheti cha ABMS katika fani nyingine kabisa. Wewe ndiye unayetakiwa kuuliza fani hiyo ni ipi. California imeona tatizo hili na sheria yake inabana matumizi ya maneno "board certified" kwenye matangazo ya madaktari, lakini usitegemee kwamba kila jimbo limefanya hivyo.

Utakutana pia na vyombo vingine nje ya ABMS na AOA. American Board of Physician Specialties hutoa vyeti vyake vyenyewe. National Board of Physicians and Surgeons, maarufu kama NBPAS, inapokea madaktari ambao tayari waliwahi kuwa na cheti cha ABMS au AOA na wanataka njia nyingine ya kuendelea kuwa na cheti. Kuona NBPAS kwenye wasifu wa daktari si dalili ya hatari. Ni dalili kwamba inabidi urudi nyuma ukaangalie cheti chake cha kwanza kilikuwa cha nini.

*Fani ipi.* Wengi hutafuta "bodi ya moyo" na kuikosa. Ubingwa bobezi wa moyo, wa figo, wa mfumo wa chakula, wa sukari na homoni, kwa watu wazima, uko chini ya American Board of Internal Medicine. Bingwa wa moyo wa watoto yuko chini ya American Board of Pediatrics. Magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu yana bodi moja. Kwa hiyo ukiona tu "Internal Medicine", endelea kusoma hadi mwisho wa ukurasa: ubobezi huandikwa kwenye mstari wake. Kama anajiita bingwa wa moyo na mstari wa "Cardiovascular Disease" haupo, hapo una swali halali la kumuuliza.

*Kama ni hai.* Zamani bodi nyingi zilitoa cheti cha maisha. Bodi ya magonjwa ya ndani iliacha mwaka 1990, na vyeti vyake vya tangu hapo vina masharti ya kuendelezwa. Ndiyo maana daktari mwenye umri mkubwa anaweza kuonekana ana cheti hai lakini hashiriki mpango wa kukiendeleza. Hajavunja sheria yoyote, cheti chake ni cha enzi ile. Kwa upande wa pili, usitafute tarehe ya mwisho kwenye kila rekodi. Bodi kadhaa siku hizi zinadai kazi ndogo ndogo za kila mwaka badala ya mtihani mmoja mkubwa kila miaka 10, na ukurasa utasema tu kwamba cheti kipo au hakipo.

Ukitaka undani zaidi, nenda kwenye tovuti ya bodi yenyewe. Bodi ya magonjwa ya ndani, kwa mfano, ina ukurasa wake wa kumtafuta daktari kwenye abim.org, unaotaja mwaka alipopata cheti kwa mara ya kwanza na kama anakiendeleza. Mimi nikihakiki daktari wa ndugu, ukurasa wa bodi yenyewe ndio ninaouamini mwisho wa yote.

6. Linganisha cheti na kile unachokwenda kufanyiwa.

Cheti kizuri katika fani isiyokuhusu hakikusaidii. Bingwa wa dharura mwenye cheti hai anayetoa mafuta tumboni kwenye kliniki ya urembo ana leseni na ana cheti, na bado hujapata jibu la swali lako. Uliza alifunzwa wapi upasuaji huo, na kama kuna hospitali inayomruhusu kuufanya ndani ya majengo yake. Hospitali huchunguza mafunzo ya daktari kabla ya kumpa ruhusa ya aina hiyo. Ruhusa hiyo kwa upasuaji uleule unaoutaka ina uzito kuliko tuzo zote zilizoning'inizwa mapokezi.

7. Piga simu uulize.

Maneno yawe machache: "Daktari ana cheti cha bodi gani, cha fani gani, na ni hai mwaka huu?" Mpokea simu aliyezoea atajibu papo hapo au ataomba akupigie. Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu, zikiwemo za Medicaid na Medicare (bima za afya za serikali), zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Usimtumie mtoto wako wa shule kufanya kazi hiyo. Usione haya pia. Kuuliza si kumvunjia daktari heshima, na mwenye cheti hukitaja kwa furaha.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kuamini orodha ya kampuni ya bima. Orodha hizo hupitwa na wakati, na kazi yake ni kukuambia nani anapokea bima yako.

Kuhesabu nyota za wagonjwa. Nyota zinakuambia kama sehemu ya kuegesha gari ni nzuri na kama daktari anachelewa. Mabango ya "daktari bora wa mwaka" nayo yaache ukutani.

Kuchukua herufi za uanachama kuwa ndicho cheti. FACS, FACP, FAAP na nyinginezo za aina hiyo ni heshima za vyama vya kitaaluma. Nyingi zinadai uwe na cheti ndipo uzipate, lakini hazikuambii kama cheti hicho bado ni hai leo.

Kuchanganya cheti cha ECFMG na cheti cha bodi. Daktari aliyesoma nje ya Marekani, awe ametoka Muhimbili, Makerere au Mumbai, anahitaji cheti cha ECFMG, chombo kinachohakiki madaktari waliosoma nje, ili aingie kwenye mafunzo ya ubingwa. Hiyo ni ruhusa ya kuanza safari. Kumbuka pia kwamba shule aliyosoma haionyeshi chochote kuhusu bodi. Waliosoma nje na kumaliza mafunzo Marekani hufanya mitihani ileile ya bodi.

Kumtafuta kwenye ABMS mtu ambaye hawezi kuwemo. Nesi mwenye mamlaka ya kutibu, yaani NP, anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba ni "board certified", lakini cheti chake kinatoka kwenye vyombo vya uuguzi kama ANCC au AANPCB, na leseni yake utaipata nursys.com au kwa bodi ya wauguzi ya jimbo. PA, yaani daktari msaidizi (physician assistant), huthibitishwa na chombo kiitwacho NCCPA. Madaktari wa meno na wa miguu wana bodi zao. Mwanasaikolojia naye hayumo, mwenye kuwemo ni daktari wa magonjwa ya akili. Ukiitwa kwa "Dokta Fulani", uliza kwa upole ni dokta wa nini.

Ukikwama

*Jina halitokei kabisa.* Jaribu jina la ukoo peke yake. Jaribu jina la kabla ya ndoa. Majina yenye sehemu mbili yajaribu kwa kistari na bila kistari. Majina ya Kiarabu, Kisomali na Kihabeshi mara nyingi yamegeuzwa kwenye fomu, la baba likakaa mahali pa ukoo, kwa hiyo yabadilishe nafasi. Kisha badili jimbo: aliyehamia karibuni anaweza kuwa bado anaonekana alikotoka. Ikishindikana kote, rudi kwenye NPI unakili jina lake herufi kwa herufi.

*Majina yanatokea mengi mno.* Tumia fani na mji kupunguza. Wawili wakibaki, namba ya leseni kutoka hatua ya 1 na ya 2 itakusaidia kuwatofautisha.

*Leseni ipo, cheti hakuna, na daktari ni kijana.* Uliza kama ni "board eligible", maana yake amemaliza mafunzo lakini hajakamilisha mitihani. Hili ni la kawaida zaidi ya watu wanavyodhani. Bodi za mifupa, za uzazi na magonjwa ya wanawake, na za upasuaji wa plastiki zina mtihani wa mdomo unaofanyika baada ya daktari kuanza kazi, akihojiwa juu ya wagonjwa wake mwenyewe. Kijana wa mifupa aliyemaliza mafunzo mwaka jana hawezi kuwa na cheti hata awe hodari namna gani. Lakini hali hiyo haidumu milele: chini ya kanuni za ABMS kila bodi imeweka kikomo, kati ya miaka 3 na 7 baada ya mafunzo. Anayejiita "eligible" mwaka wa 12 ana maelezo ya kutoa.

*Leseni ipo, cheti hakuna, na daktari ni mzee wa kazi.* Huenda aliacha kukiendeleza kwa hiari, huenda alishindwa mtihani, huenda hakuwahi kukitafuta. Rekodi haitakuambia ni lipi kati ya hayo. Muulize. Kwa kipimo cha presha na dawa za kila mwezi, mimi ningesikiliza jibu lake na pengine ningebaki naye. Kwa upasuaji mkubwa uliopangwa, ningetafuta maoni ya daktari wa pili mwenye cheti hai.

*Tovuti mbili zinapingana.* Ya bodi yenyewe inashinda ya Certification Matters, na Certification Matters inashinda tovuti ya kliniki. Rekodi zilizokusanywa kutoka kwingine hupitwa na mabadiliko mapya. Kama shaka inabaki, iandikie bodi husika ukitaja jina na jimbo.

*Kliniki inatangaza cheti ambacho hakipo.* Kwanza wape nafasi ya kueleza, kwa sababu tovuti nyingi huandikwa na watu wa matangazo wasiojua tofauti ya bodi na bodi. Jibu likiwa la kuzungusha, jaza fomu ya malalamiko kwenye tovuti ya bodi ya jimbo lililompa leseni. Ambatanisha picha ya tangazo lenyewe, picha ya matokeo ya utafutaji wako, na tarehe ya kila moja. Picha hizo zipige kabla hata hujawauliza kliniki, maana ukurasa wa tovuti hufutwa kwa dakika moja.